Siku moja maishani mwangu: fundi redio za magari Gerezani, na sabufa ya Harrier iliyoungua

Saa moja na nusu asubuhi nishafungua. Mimi ni fundi redio za magari hapa Gerezani, Kariakoo, na leo naandika siku nzima sababu gari ya asubuhi imekuja na swali ninaloulizwa sana, yani sabufa (spika ya besi) iliyokuja na gari ikifa unang'oa mziki wote uweke mpya au unabadilisha hiyo hiyo iliyokufa. Mimi nasema badilisha hiyo hiyo, ila upime kwanza.

Saa mbili akaingia mzee mmoja na Harrier 240G, ile tunayoita tako la nyani. Nikamwamkia, akaitikia, akasema milangoni mziki uko safi ila nyuma kulikuwa kunakwaruza muda mrefu na sasa besi imekata kabisa, na kuna mtu kashamshauri afunge boksi la sabufa la inchi 12 na amplifaya mpya (kifaa cha kukuza sauti). Nikamwambia mzee wangu, boksi litakula buti lote na wewe unabeba mizigo, afu gari yako ina amplifaya yake na iko hai, ngoja tufungue kwanza. Na hizi zenye skrini ya kiwandani mambo ya AC nayo yanaonekana humo humo, ukianza kung'oa redio unajitafutia kazi nyingine.

Kitu cha kwanza ni kutoa hasi ya betri na kusubiri kidogo. Vijana wengi wanaruka hapa, wakati gari nyingine zina eabegi za pembeni zinapita juu ya nguzo na ukichomoa soketi yake umeme ukiwepo taa inawaka kwenye dashibodi na haizimi mpaka upeleke kwenye mashine. Plastiki za buti tunazitoa taratibu na kipande cha plastiki, sio bisibisi, klipu za gari ya umri huu zinakatika kama biskuti.

Saa tatu na nusu sabufa ya inchi 8 iko mezani. Sponji ya pembeni imeoza, ukiigusa inabaki vidoleni. Hii ni umri na joto tu, gari inashinda juani Dar mwaka mzima, sponji ikilika koni (kile kibakuli kinachocheza) inakosa kinachoishika katikati, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) inaanza kusugua kwenye sumaku (ndo kule kukwaruza) na mwisho inaungua. Ingekuwa imekufa sponji peke yake ningebandika nyingine, gundi ikalala mpaka kesho, na mzee angebaki na spika yake ya kwanza, hiyo kazi naipenda kuliko zote. Ila nimeweka mita kwenye koili haisomi kitu na harufu ya kuungua ipo. Hapo hamna cha kuokoa.

Sasa hapa ndo watu wanapoteza hela. Nyuma ya sumaku imeandikwa omu 2 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), na sabufa nyingi madukani ni omu 4. Ukifunga ya 4 kwenye amplifaya iliyotengenezwa kwa 2 unapata karibu nusu ya nguvu, afu unalaumu sabufa mpya kuwa feki. Ukishuka chini ya 2 unaichemsha amplifaya. Dawa ni kutafuta yenye koili mbili za omu 4 kila moja, unaunga chanya na chanya, hasi na hasi, inakuwa 2. Ukiziunga kwa kufuatana inakuwa 8, besi inazidi kupotea.

Saa tano nikazama madukani na rula mfukoni, sababu nilishapima kina kutoka pale inapokaa mpaka kwenye bodi ya gari. Inchi 8 ni upana tu, sumaku ya nyuma ndo inagonga bati. Maduka ya mwanzo zote nene, baadaye nikapata moja bapa yenye koili mbili, mita ikasoma vizuri nikalipa.

Matundu ya sklubu hayakulingana, kwa hiyo nikakata ringi ya MDF (ubao wa unga wa mbao), nikaipiga rangi isinywe maji, na kuizungushia sponji ya kubandika. Usiidharau hiyo sponji, hewa ya mbele ya koni ikikutana na ya nyuma zinauana na besi inapotea hata kama sabufa ni ya bei gani. Chanya na hasi nikahakikisha kwa betri ya redio ya volti 1.5, ukigusisha koni ikitoka nje basi chanya yako ni sahihi.

Saa nane mzee karudi kutoka kuswali, nikarudisha betri na kupiga mziki kabla ya kufunga plastiki. Kuna paneli ilikuwa inatetemeka, nikabandika kitambaa cha feliti kwenye klipu ikatulia. Akaomba dansi la zamani, gitaa la besi likaingia noti kwa noti, sio kile kishindo cha boksi kinachofunika kila kitu, akakaa siti ya mbele akasikiliza mpaka mwisho ndo akatoa hela.

Jioni ilikuwa kazi ndogo ndogo, IST moja redio inaishia FM 90 kama zilivyo nyingi za Japani nikaiwekea ekspanda, kifaa cha kuiwezesha kushika stesheni za juu ya hapo. Saa kumi na mbili nafunga. Kesho kuna Noah inakuja na spika za milango zilizopasuka, mwenyewe kapiga simu anauliza anunue zipi, nimemwambia asinunue chochote, alete gari nipime.