Kidole Kinachofuatwa na Nahodha

Somo la juma: Mathayo 14:22–33

Bwana asifiwe, wapendwa.

Katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Umoja tuna mzee aliyevua samaki Ziwa Victoria, upande wa Mbita, miaka mingi kabla ya kuhamia Nairobi. Alhamisi iliyopita tulisoma habari za Petro kutembea juu ya maji, nikamwuliza: mtu akianguka kutoka mashuani, mnaanza na nini?

Nilidhani atasema mmoja hujitosa kumfuata. Akatikisa kichwa. "Ukijitosa, mwanangu, tutawatafuta wawili."

Aliyemwona hupiga kelele papo hapo. Aliyeanguka hutupiwa chochote kinachoelea: boya, hata mtungi mtupu uliofungwa kifuniko. Kisha mtu mmoja hupewa kazi moja tu, kumnyoshea kidole aliye majini bila kuondoa macho. Hashiki kasia, hatafuti kamba, hageuki hata akiitwa. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kidogo kama kibuyu. Mashua ikizunguka huku wote wakihangaika, hamtajua tena yuko upande gani. Nahodha hukifuata kile kidole. Wakimfikia, injini huzimwa isije ikamkata, na anapovutwa ndani wengine huegemea upande wa pili, chombo kisipinduke na wote.

Maneno hayo yamenikaa wiki nzima. Sisi tukisema fulani ananyoshewa kidole, tunamaanisha analaumiwa.

Kuna kijana wa kwaya yetu aliyepoteza kazi mwezi wa pili. Jumapili ya kwanza asipoonekana tulisema amesafiri. Ya tatu tukasema amerudi nyuma kiimani. Vidole tulimnyoshea, ila macho tulikuwa tumeshayaondoa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na linaniuma.

Mzee aliongeza jambo lililonitisha: anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, na pumzi kidogo anayoipata haitoshi kuita. Petro aliwahi kupiga yowe, "Bwana, niokoe." Wangapi kati yetu hawakuwahi, nasi tukadhani kimya chao ni amani?

Tazameni pia mstari wa 31. "Mara Yesu akanyosha mkono wake, akamshika." Ndipo akamwuliza kwa nini aliona shaka. Swali lilikuwepo, na lilikuwa zito, lakini Petro aliulizwa akiwa ameshikwa tayari. Tena upepo haukukoma mpaka walipopanda chomboni. Mkono ule ulimshika dhoruba ikiwa ingali inavuma.

Jumamosi nilipanda matatu hadi mtaa wa Pipeline anakoishi yule kijana wa kwaya, ghorofa ya tano. Njia nzima nilikuwa napanga maswali: mbona hukutuambia, mbona simu hushiki. Alipofungua mlango nikamshika mkono, na maswali yote yakaniisha. Tulikaa kimya kitambo. Baadaye, akiwa ameinamisha kichwa, akaniambia anadaiwa kodi ya miezi miwili na kwamba aliona haya kuja kuimba akiwa katika hali hiyo.

Hajarudi kwaya. Kazi hajapata. Tumwombee, na mwenye kujua kibarua chochote aniambie. Kesho jioni narudi kwake pamoja na mzee wetu, ambaye amesema atabeba samaki.