Pilau ya watu 300, na ibada isiyo na saa ya kuisha

Ukikabidhiwa chakula cha Sikukuu ya Mavuno usharikani, kila mtu atakupa ushauri uleule: amkeni mapema, chakula kiwe tayari ibada ikitoka. Ushauri huo umeharibu pilau nyingi kuliko moto mkali. Ibada yenyewe ina kwaya tatu, watoto wa shule ya Jumapili na ngonjera yao, mgeni kutoka jimboni, halafu mhubiri anayesema "nimalizie kwa neno hili" kisha akafungua Biblia upya. Pilau iliyoiva saa nne ikaliwa saa nane ni bokoboko lenye bizari. Tena wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi huchafuka, na Jumatatu matumbo ya watu yatakuletea taarifa.

Mimi nafuata sadaka, sifuati saa. Nyama inachemshwa tangu alfajiri. Vitunguu vimekaangwa, viungo vimeingia, supu inatokota chini ya mfuniko. Hayo yote yanasubiri bila tabu, ukijazia tu maji yanayopungua. Kisichosubiri ni mchele. Kwa hiyo kijana mmoja anasimama mlango wa ubavuni, na safu ya kwanza ikiinuka kwenda kutoa, ananyoosha mkono: mchele unaingia. Urefu wa mahubiri haunihusu tena, maana umeshapita. Kuanzia hapo mpaka baraka kwetu ni dakika 40 hivi, na matangazo ndiyo yanayokula nyingi. Mnada wa mazao nje unachukua nusu saa. Sufuria inataka saa moja tu. Wanaonicheka kwamba napika kwa liturujia huwa wa kwanza kuleta sahani.

Sasa vipimo. Kwa watu 300, theluthi yao watoto, natumia mchele kilo 40 na nyama kilo 30, katika sufuria tatu. Kila sufuria inapata mchele kilo 13 na kidogo, nyama kilo 10, vitunguu kilo 3, mafuta lita 2, kitunguu saumu na tangawizi kama robo tatu ya kilo kwa pamoja, bizari nzima gramu 100, na chumvi isiyozidi robo kilo. Karafuu na hiliki kwa mkono mwepesi. Karafuu ikizidi, watu wanakula huku ulimi umekufa ganzi. Viazi naviacha. Vinapendwa, lakini vinavunjika na kufanya wali ushikane.

Maji ndipo wapishi wa nyumbani wanapoanguka. Nyumbani unapima vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Kwenye sufuria kubwa mvuke unaotoroka ni kidogo kulingana na kilichomo, kwa hiyo mimi naweka kimoja na nusu, supu ya nyama ikiwa humohumo kwenye hesabu. Mchele ukiwa mpya nazidi kupunguza, maana bado una unyevu wake na haunywi kama wa mwaka jana.

Na hapa kuna jambo linaloniudhi kila mwaka. Kamati inatangaza kila nyumba ilete kilo moja ya mchele. Unapokea wa Kyela, wa Shinyanga, wa Magugu, mpya na wa zamani, na chenga za kutosha, vyote ndani ya gunia moja. Hakuna maji yatakayouridhisha huo mchanganyiko: punje nyingine zimepasuka, nyingine zina kiini. Mchele ununuliwe wote mahali pamoja, kwa pesa za michango. Jumuiya zigawane mengine: hii vitunguu, ile nyanya na matango ya kachumbari, nyingine kuni. Wakishaleta mchele uliochanganyika, uuzeni mnadani.

Kuna fundi wa sherehe aliyetushawishi tukodi sufuria moja ya kutisha, kilo 40 zote ndani, "moto mmoja, mpishi mmoja". Ilibebwa na wanaume wanne wakiimba. Mwiko haukufika chini. Mchele wa juu ukakandamiza wa chini, maji yakanaswa katikati, na kuni za mkaratusi zikaendelea na kazi yao. Tukapata vyakula vitatu kwa sufuria moja: chini mkaa, katikati uji, juu punje zinazolia menoni. Kisha fundi akaamuru tukoroge ili moto "usambae", na harufu ya kuungua ikapanda mpaka juu. Pilau ikiungua chini usiikoroge, wala usikwangue. Toa kuni zote, hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, ukoko uache palepale. Fundi alilipwa, ndiyo, na laki kadhaa zilienda.

Maji yakikaukia usawa wa mchele, geuza mara moja kwa mwiko wa bapa, ukipitisha pembeni kwenda chini. Ondoa kuni, acha majivu ya moto, funika, halafu palia makaa juu ya mfuniko. Mnada ukirefuka, ondoa hata moto wa chini. Makaa ya juu yanatosha kuitunza.

Kuhusu mnada, sikubaliani na wanaotaka uwe baada ya chakula. Mtu aliyeshiba ananunua kwa huruma, au anaondoka. Aliyesikia harufu ya pilau anapandisha bei ili mambo yaishe. Anzeni na kuku, wanachafua baraza. Yule anayenunua yai na kulirudisha liuzwe tena ni baraka, ila mara ya tatu mnadishaji aseme basi.

Nyama naichota kwenye supu kabla mchele haujaingia na kuihesabu kwenye beseni: vipande viwili mkubwa, kimoja mtoto. Beseni linafunikwa na kukaa juu ya moto mdogo, chini ya mama mmoja asiye na aibu ya kusema hapana. Wali unapimwa kwa bakuli moja lilelile. Watoto wanatangulia, wazee wanapelekewa walipokaa, kwaya inawekewa fungu lake kabla ya wote, maana bado inaimba. Wa kubeba nyumbani waje na vyombo vyao. Mifuko ya plastiki tumeshaizika tangu 2019. Kachumbari itiwe chumvi foleni ikianza, si mapema, la sivyo inaogelea.

Sufuria za kuazima nazitia alama ya rangi ya kucha chini ya mkono, kila nyumba rangi yake, na maji ya moto yanaingia ndani kabla ukoko haujapoa.