Klachi hainywi mafuta

Kwa miezi kama minne nilikuwa naongeza mafuta kwenye kichupa cha klachi bila kujiuliza yanakwenda wapi. Kila Jumamosi nafungua boneti, naangalia oili, naangalia maji ya rejeta, nikifika kwenye kile kichupa kidogo cha plastiki karibu na cha breki nakuta yameshuka. Namimina, nafunga. Nilidhani ndivyo gari linavyoishi: injini inakunywa oili, dereva anakunywa chai, na klachi nayo ina kinywaji chake.

Gari lenyewe ni Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya 3L, nabebea mboga kutoka Lushoto, mji wa milimani mkoani Tanga. Anayeijua barabara ya kushuka Mombo hahitaji kusimuliwa: kilomita 33 hivi za kona, mlima upande huu, bonde upande ule. Siku hiyo tulikuwa na kabichi na karoti, mimi na utingo wangu. Dalili zilikuwepo tangu asubuhi, riverse iliingia kwa kukwaruza, krrr, nikaipuuza. Tulipokaribia Soni nikataka kushusha gia kutoka tatu kwenda mbili. Nikakanyaga klachi, pedeli ikaenda mpaka kwenye zulia kama nimekanyaga sponji, na haikurudi. Nikaichokoa kwa ncha ya kiatu ndipo ikapanda.

Breki zilikuwa nzima. Kwenye Hilux hii klachi ina kichupa chake peke yake. Ziko gari ambazo klachi na breki zinachangia kichupa kimoja, na huko mrija wa klachi hutokea juu kidogo ili ikivuja isimalize mafuta yote ya breki. Hata hivyo, mwenye gari la aina hiyo asilale.

Nikaegesha, nikafungua boneti. Mafuta yalikuwa chini kabisa, meusi kama kahawa iliyolala. Chini ya siti nilikuwa na chupa ya DOT 3, aina ya mafuta ya breki na klachi, iliyobaki nusu, kifuniko kimelegea, imekaa humo tangu sijui lini. Utingo akaniambia, "Kaka, si tuweke ile haidroliki ya stelingi? Inaonekana safi, na yote ni mafuta." Hilo tu ndilo nililolijua siku ile: mafuta ya stelingi yanavimbisha raba za klachi na breki, na ukishayatia utabadilisha kila raba iliyoguswa. Nikamimina ile DOT 3 kuukuu, nikapampu pedeli mara ishirini, thelathini, ikapata ugumu kidogo. Nikaingiza gia ya pili kwa kuilazimisha, tukashuka nayo hiyo hiyo. Mara moja ilibidi tusimame kupisha ng'ombe. Nilizima injini, nikaweka gia ya kwanza, barabara ilipokuwa wazi nikapiga stata gari likaondoka nayo. Stata haipendi mchezo huo, na usiujaribu kama kuna mtu mbele yako.

Mombo, fundi wa kwanza alinisikiliza nusu dakika akasema tushushe gia boksi, pleti ya klachi imekwisha. Akataja bei. Nikamwambia ngoja ninywe maji kwanza, nikaenda kwa mzee mmoja anayetengenezea magari chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mlimani lilikuwa linavuta?"

Nikamwambia linavuta, na mzigo wake wote.

"Injini haikuwa inavuma bure gari haliendi? Hukusikia harufu ya kuungua?"

"Hapana."

"Sasa pleti unaitafutia nini? Pleti ikiisha gari halipandi. Lako linapanda, ila gia haziingii. Unaongeza mafuta mara ngapi?"

Kila wiki, nikajibu, tena kwa fahari kidogo. Alinitazama kwa muda. "Klachi hainywi mafuta. Breki ndizo zinazoshusha polepole, kwa sababu pedi zikilika pistoni inasogea nje na mafuta yanaifuata. Klachi ikishusha, inavuja. Umemwaga barabarani miezi yote hiyo."

Pa kuvujia kwa kawaida ni pawili. Kwanza akaniinamisha chini ya dashibodi, akanionyesha kile kifimbo kinachotoka kwenye pedeli na kuingia kwenye masta, silinda inayosukuma mafuta ukikanyaga. Akapitisha kidole pale, kikavu. Masta ikivuja, mafuta huteremka ndani ya gari na zulia huloa. Kisha akaingia uvunguni na bisibisi. Kwenye ubavu wa gia boksi kuna slevu, kisilinda kinachopokea mafuta hayo na kusukuma uma unaoachanisha klachi, na mdomoni kina raba ya kuzuia vumbi. Alipoibandua kidogo, mafuta meusi yakamwagikia kiganja chake mpaka kwenye saa. Hapo tukawa tumemaliza uchunguzi. Nilishukuru kwamba slevu yangu iko nje, maana kuna gari ambazo imefichwa ndani ya gia boksi, na kwa hizo bei ya yule fundi wa kwanza ingekuwa ya haki.

Raba za slevu zilipatikana duka la jirani. Mzee alifungua, akapitisha ukucha ndani ya silinda akitafuta mashimo ya kutu. Angeyakuta, alisema, tungenunua slevu nzima, kwa sababu raba mpya kwenye silinda yenye mashimo haimalizi mwezi. Ilikuwa laini. Akaisafisha kwa mafuta mapya ya breki, si petroli, akarudisha.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ndiko kulikochukua muda. Alikuwa na mpira wa dripu ya hospitali, mwangavu, upande mmoja ameuchomeka kwenye nipo ya slevu, kile kiskrubu cha kutolea upepo, na mwingine ameuzamisha kwenye chupa tupu ya maji aliyotia mafuta kidogo ya breki. Utingo juu ya pedeli. "Kanyaga! Shikilia!" Mzee analegeza nipo, povu linapita kwenye mpira, anakaza. "Achia!" Mwanzoni pedeli haikurudi yenyewe, utingo akawa anaivuta kwa mkono. Kazi yangu ilikuwa kulinda kichupa kisikauke, kwa sababu kikikauka kinanyonya upepo na mnaanza upya. Nikajisahau mara moja tu, nikamsikiliza muuza machungwa. Tulianza upya.

Ile chupa yangu ya chini ya siti aliitupa. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana yanakuja yamefungwa kwa nguvu. DOT 3 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Maji hayo hayo ndiyo yanayotia kutu ndani ya silinda. Hizo mbili zinaweza kuchanganywa, ila DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na yoyote kati yake. Na ukidondoshea bodi, mwagia maji mara moja. Mimi nina doa kwenye mabawa ya mbele, rangi imebanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa, ushahidi wa Jumamosi zangu zile.

Sasa nanunua chupa ndogo, ninachobakiza sikiweki. Nimepanga kila miaka 2 nibadilishe mafuta yote. Kabla ya kufungua kifuniko nakifuta vumbi, tena mara nyingi sikifungui kabisa, naangalia kwa nje. Siku ile Mombo nilibandika kipande cha plasta mahali mafuta yalipoishia.

Ni mwaka na miezi sasa. Juzi utingo aliniita, "Kaka, nani ameongeza mafuta ya klachi?" Hakuna aliyeongeza. Yalikuwa yamepanda juu ya plasta, unene wa ukucha hivi. Nilimpigia mzee simu akacheka. Pleti ikipungua, vidole vya presha pleti, sahani inayoibana pleti, vinarudi nyuma, uma unaisukuma pistoni ya slevu ndani, na mafuta yanapanda kichupani. Nimeanza kuweka pembeni pesa ya pleti.