Nimeshakimaliza

Tangu Jumanne kuna neno limeniganda kichwani. Nimelala nalo, nimepika nalo, nimepiga wino nalo. Dada kajifungua salama pale Temeke, mtoto wa kike, na wale niliowachorea mabango ya vyandarua wamemalizia malipo yao. Toleo jipya la kitabu changu cha katuni nalo limetoka, limekatwa vizuri kingo zote, pini mbili katikati zimekaa sawasawa. Ilipaswa kuwa wiki ya kushukuru tu. Lakini nikikaa mezani, ninayemsikia ni yule mzee wa Mwenge.

Nilikuwa nimempelekea kaka wa magazeti nakala mpya, na kuchukua zilizobaki za toleo la nyuma, zile zilizokaa juani hadi wekundu wa jalada ukafifia. Tunahesabiana, mara mzee akafika. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama maana mkono ulikuwa umeshaokota kitabu. Alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.

Wapo wanaopekua, mnawajua, wanaangalia picha tatu wanaweka chini. Huyu alisoma. Kisanduku baada ya kisanduku, midomo ikichezacheza. Ukurasa wa sita, pale konda anapobishana na mama wa mihogo kuhusu nauli ya beseni, alicheka hadi kaka wa magazeti naye akacheka. Akaendelea mpaka mwisho. Akageuza jalada la nyuma, akalitazama nalo.

"Bei gani hiki?"

"Elfu tatu, mzee wangu."

"Elfu tatu." Akanyamaza kidogo. "Aa, nimeshakimaliza, mwanangu. Kizuri sana, lakini nimeshakimaliza."

Akakirudisha mezani, akakinyoosha kona iliyokunjika, akanunua gazeti la michezo, akaondoka zake. Kaka wa magazeti alitaka kumwita amwambie mchoraji ndiye huyu hapa. Nikamzuia kwa mkono. Nisingejua la kumwambia, na yeye angeona aibu bure kwa jambo ambalo si kosa lake.

Nimeshakimaliza. Kukimaliza kulimchukua muda wa kusubiri daladala. Mimi kitabu kile nimekaa nacho tangu masika yaliyopita. Kila ukurasa unaandikwa kwanza kwa maneno, kisha penseli, kisha wino, kisha kufuta penseli bila kuchubua karatasi, kisha skana, kisha kompyuta kusafisha madoa. Hadithi ya konda ilikuja na kurasa 26, na kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Kwa hiyo ama 24 ama 28. Kurasa 28 zingepandisha gharama, nikakata mbili. Niliumia kuzikata. Halafu Kariakoo, kwenye mashine. Pleti, lile bati la kuchapia, bei yake ni ileile uchape nakala mia au elfu, ndiyo maana aliye mdogo kama mimi kila nakala yake inakuwa ghali. Rangi inataka pleti nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo rangi naitia kwenye jalada tu, ndani ni wino mweusi. Katika hiyo elfu tatu, elfu moja ni ya kaka wa magazeti, na ni haki yake, yeye ndiye anayesimama juani. Inayobaki inarudi kiwandani karibu yote. Vyandarua ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba. Msomaji ataona kitabu cha konda, lakini nyuma yake kuna mbu wengi sana niliowachora.

Nilipomsimulia mdogo wangu, jibu lake lilikuwa tayari: "Dada, vitie kwenye nailoni. Anayetaka kusoma alipe kwanza." Ana akili ya biashara, na mwaka huu amenisaidia kuliko mtu yeyote. Lakini nimekataa, na nitaendelea kukataa.

Nitawaambia kwa nini. Baba alikuwa na rundo la Sani, jarida la katuni, chini ya kitanda, kurasa zimelegea, nyingine hazina jalada. Hakuzinunua zote. Nyingine aliazimwa akasahau kurudisha, nyingine zilizunguka kutoka kinyozi hadi kwa fundi cherehani, zikatua kwetu. Vibonzo wake, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, nilikutana nao kwenye karatasi zilizoshikwa na mikono ya mtaa mzima. Philip Ndunguru, mmoja wa waliolijenga jarida lile, alifariki mwaka 1986 akiwa kijana, na mimi nilijifunza kuchora viatu na mikunjo ya suruali kwa kunakili mistari yake, kutoka kwenye nakala ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeilipia. Na mzee wa umri ule, ujana wake ulikuwa enzi za Chakubanga, ambaye Christian Gregory alianza kumchora kwenye gazeti la Uhuru mwaka 1967. Gazeti moja liliwatosha watu wangapi kwenye kibaraza? Yule mzee amesoma namna alivyozoea kusoma. Nikikifunga kwenye nailoni, nakifunga pia kwa mtoto wa shule anayepita pale na nauli ya kurudi tu mfukoni.

Hayo nilishayasema moyoni Jumatano, na bado neno lilibaki linachoma. Jana usiku ndipo nilipokumbuka kitu ambacho siku ile nilikiona nisikitilie maanani.

Alirudi nyuma.

Alipofika karibu na mwisho alilamba kidole akarudi nyuma hadi ukurasa mmoja. Nilijua ni upi kwa jinsi kitabu kilivyofunguka: ukurasa wa kumi na mbili, palepale kwenye pini, ambapo kurasa zinalala wazi zenyewe. Ukurasa ule hauna neno hata moja. Gari la mwisho usiku, abiria wamelala vichwa vikigonga vioo, mvua inavuja juu ya kiti cha nyuma, konda anahesabu sarafu, anatoa moja, anairudisha kwenye mfuko wa shati wa bibi aliyelala. Basi. Kila aliyeuona kabla haujachapwa aliniambia niweke maneno, mtu hataelewa, angalau bibi aote ndoto aseme kitu. Nilikuwa karibu kukubali. Na mzee wa miwani ya uzi, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu, aliurudia ukurasa ule, akausogeza karibu na uso, akakaa nao kuliko alivyokaa na ule wa kichekesho.

Niliamka nikawasha taa. Nimetoa zile kurasa mbili nilizokata, nazo hazina maneno, na zinafungua toleo lijalo. Nimeanza kuzipiga wino upya usiku uleule, mkono ukienda bila kusita, kitu ambacho sikukipata wiki nzima. Nina furaha. Naandika hivyo wazi kwa sababu mliokuwa hapa tangu kiangazi mnajua nilivyokuwa nikizungumzia kuacha.

Ila baba watoto hajapokea simu tangu juzi. Alisema yuko kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, mzigo ni wa Lubumbashi, na akivuka atatafuta laini ya kule. Simu inaita mpaka inakatika. Kama ingekuwa imezimwa ningesema chaji. Bi mkubwa anasema nisimsumbue dereva, lakini naye kauliza mara mbili leo asubuhi. Kama kuna msomaji aliye njia ile, au mwenye ndugu Tunduma, naomba aniambie foleni inatembea au imesimama.