Nilivyoshika njia za neva kwa kuuliza swali moja tu

Mnaosoma kliniko ofisa au unesi hapa Uganda mnajua vile neva zinatesa watu. Mfupa unaushika mkononi, moyo ukipasuliwa unaona vyumba vyake vinne, lakini hizi njia za neva huzioni, mwalimu anachora mistari ya rangi ubaoni, anafuta, anachora ingine, na wewe uko hapo unakopi tu. Majina nilikuwa nakariri usiku, asubuhi yameshahama.

Kilichonitoa hapo ni kuweka majina pembeni kwanza na kubaki na swali moja: hii njia inavukia wapi? Ubongo wa kushoto unaendesha mwili wa kulia, na wa kulia unaendesha kushoto, hiyo hata shule ya msingi wanaijua, sasa kama ni hivyo lazima kuna mahali nyuzi zinavuka kwenda upande wa pili, na kumbe si zote zinavukia mahali pamoja.

Nilianza na tatu tu. Moja inapandisha maumivu, joto na baridi. Ya pili inapandisha mguso mwepesi, mtetemo, na ile hali ya kujua kidole chako kimekunjwa hata kama umefunga macho. Ya tatu inashuka, imebeba amri ya kusogeza misuli. Mimi ni mtu wa Busia, mpakani na Kenya, na juu yetu kuna kivuko kingine cha Malaba, kwa hiyo nikazipanga kama vivuko vya mpaka. Maumivu yakiingia kwenye uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, yanavuka palepale Busia, labda pingili moja au mbili juu, halafu yanapanda na upande wa pili mpaka ubongoni. Mguso hauna haraka, unapanda na upande wake uleule mpaka Malaba, yaani kwenye medula, sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo, ndio unavuka. Amri za misuli nazo zinatoka juu na kuvukia Malaba hiyohiyo, karibu asilimia 85 hadi 90 ya nyuzi zake, zikishuka kutoka hapo ziko tayari upande wa pili. Basi.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Chukua mtu amechomwa kisu mgongoni, nusu ya kulia ya uti wa mgongo imekatika. Mguu wa kulia hausogei, ukiuwekea kile chuma cha kutetemeka hausikii, lakini ukiuchoma sindano mtu anaruka kwa maumivu! Mguu wa kushoto unasogea vizuri kabisa ila sindano hausikii, barafu hausikii. Bila ile habari ya kuvuka utasema huyu anajifanya. Ukiijua, unaona kwamba maumivu ya mguu wa kushoto yalishavuka chini huko na yalikuwa yanapanda na upande wa kulia, yakakuta barabara imekatwa. Aliyeeleza hali hii ni daktari Brown-Séquard, karibu mwaka 1850, na mwenyewe ni mzaliwa wa Mauritius, hapa hapa Bahari ya Hindi, mimi nilidhani ni mtu wa Ulaya kama wale wengine wote wenye majina kwenye anatomia.

Diskasheni tulikuwa tunafanya kwa Kiswahili, mimi, kijana mmoja Mnubi wa Bombo na dada mmoja Mkongo wa Bukavu, na huyo dada ndiye alikuwa anatuchoma kwa maswali. "Yaya, mgonjwa wangu mkono umelegea kifundoni, hauinuki, jana alikunywa waragi akalala mkono ukining'inia kwenye mgongo wa kiti, niambie shida iko ubongoni ao iko wapi?" Iko kwenye neva ya radiali, inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, imebanwa usiku kucha. Maswali ya hivyo hayatoki kichwani.

Namba zenyewe zilikuja polepole. Neva za uti wa mgongo ni jozi 31: shingoni 8, kifuani 12, kiunoni 5, sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno) 5, na 1 ya mkiani. Mtego uko shingoni, pingili ni 7 lakini neva ni 8, kwa sababu ya kwanza inatokea juu ya pingili ya kwanza na ya nane inatokea chini ya ile ya saba. Na uti wenyewe haufiki chini, kwa mtu mzima unaishia kama pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, baada ya hapo ni mizizi tu ya neva inaning'inia. Ndio maana wakitaka kuvuta maji ya mgongo wapime meninjaitisi wanaingiza sindano kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, ama ya nne na ya tano. Wagonjwa wanaogopa sana hiyo sindano, wanadhani wataparalaizi, ukimweleza kwamba uti umeishia juu anatulia kidogo.

Sindano ya kuogopa ni ile ya matako kwa mtoto mdogo. Neva ya siatiki, ambayo ndiyo nene kuliko zote mwilini, inapita hapo, na ikichomwa mtoto anaanza kuburuta mguu. Mchome pajani, upande wa nje.

Sasa hivi niko kwenye zile jozi 12 za kichwani na swali ni lilelile. Mtu amekuja uso umepinda upande mmoja, mwambie ainue nyusi. Kama paji la uso linakunjika pande zote mbili, fikiria stroku, maana misuli ya paji inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kama paji la upande uliolegea halikunjiki kabisa, hapo fikiria neva yenyewe ya uso, ile ya saba.