Nilivyopanga safari ya Portland kwa ajili ya Pedalpalooza

Pedalpalooza haina uwanja, haina kiingilio, wala haina jukwaa kuu. Ni misafara ya baiskeli, mikubwa kwa midogo, inayozunguka jiji la Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, kuanzia Juni hadi Agosti. Kalenda yake inatunzwa na Shift, kundi la watu wanaojitolea, na mtu yeyote mwenye wazo anaweza kuandikisha msafara wake. Hilo ndilo linalonifanya niipende, na ndilo linalompa mgeni kazi: siku unapokata tiketi ya ndege, misafara mingi utakayopanda bado haijaandikwa.

Kwa hiyo sikuanza na kalenda, nilianza na ramani. Mto Willamette unaligawa jiji mashariki na magharibi, na barabara ya Burnside inaligawa kaskazini na kusini. Kila anwani hutanguliwa na herufi za upande wake: SE ni kusini mashariki, NW ni kaskazini magharibi, na kadhalika. Barabara zenye namba zinahesabiwa kutoka mtoni, kwa hiyo ukiona SE 20th unajua papo hapo kwamba uko upande wa mashariki, na kwamba 60th iko mbali zaidi na maji. Nilipoizoea hesabu hii, niliweza kuangalia mahali msafara unapoanzia na kujua kama nitafika bila kukimbizana na saa.

Nikachagua kulala SE, karibu na mto. Huo ndio uamuzi ulionisaidia kuliko yote. Upande wa mashariki kwa sehemu kubwa ni tambarare, tofauti na vilima vya kusini magharibi, na una mitaa tulivu kama Clinton na Ankeny ambako magari huenda taratibu na baiskeli zinaheshimiwa. Misafara mingi hukutania kwenye bustani za umma za huko huko, kama Colonel Summers na Laurelhurst. Mwenye nyumba nilimuuliza swali moja kabla ya kulipa: baiskeli italala ndani? Ningekuwa tayari kulala chumba kidogo zaidi ili jibu liwe ndiyo.

Nilisafiri na baiskeli yangu ndani ya boksi la kadibodi, la aina ambayo maduka hupokelea baiskeli mpya. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha spana kinyume na ile ya kulia, na anayesahau hilo huikaza zaidi kila anapotumia nguvu. Gia ya nyuma niliifungua kwenye fremu, nikaizungushia kitambaa na kuifunga ndani, maana ndiyo inayopinda boksi likidondoshwa. Katikati ya miguu ya foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, niliweka kipande cha mbao mahali gurudumu lilipokuwa, ili isibanwe. Mwenye baiskeli ya umeme ajue mapema kwamba betri inayozidi Wh 160 (wati-saa, kipimo cha nishati) haipandi ndege ya abiria, na nyingi zinazidi. Huyo ni afadhali akodi huko huko.

Uwanja wa ndege wa Portland umetenga sehemu ya kuunganishia baiskeli. Niliiunganisha yangu pale, nikajaza upepo, nikaingia nayo kwenye treni ya MAX hadi mjini.

Mwezi niliochagua ni Juni. Jua huzama karibu saa tatu usiku, na misafara ya jioni inapata mwanga mrefu, ingawa koti la mvua lazima liwemo. Giza likiingia, sheria ya Oregon inadai taa nyeupe mbele, na nyuma taa nyekundu au kiakisi. Nilifurahi pia kujua kwamba tangu 2020 mwendesha baiskeli jimboni humo haruhusiwi kuvamia tu kibao cha kusimama, ila anaweza kupunguza mwendo na kupita bila kusimama kabisa iwapo njia ni nyeupe na hakuna mwenye haki ya kutangulia.

Kila jioni niliweka msafara mmoja wa uhakika na mmoja wa akiba upande ule ule wa mto. Tangazo nililisoma hadi mwisho, kwa sababu saa ya kukutana na saa ya kuondoka mara nyingi ni mbili tofauti, na kalenda hueleza kama msafara unarudi ulikoanzia. Msafara usiporudi, kabla ya kutoka nilitafuta kituo cha MAX kilicho karibu na mwisho wake. Mabehewa yana mahali pa kuwekea baiskeli, na mabasi yana kibebeo mbele kinachobeba mbili. Usiku miguu ilipokuwa imechoka nilipanda treni kuvuka Tilikum Crossing, daraja lililofunguliwa 2015 kwa treni, mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu, ambalo magari binafsi hayaruhusiwi kulipita, nikashuka ng'ambo na kumalizia mitaa michache iliyobaki kwa pedali.