Marumaru nne na kaneno "off"

Nilikuwa fundi marumaru kwenye jengo moja Mikocheni, na msimamizi wetu alitoka Uingereza. Wiki ya kwanza akapita nyuma yangu, akasema haraka haraka: "We knock off at four."

Nilisikia "knock", nikajua ni kugonga. "At" wala sikuisikia. "Off" sikuijali, kwa sababu fundi mwenzangu aliyenizidi shule alishaniambia: "Mdogo wangu, shika kitenzi tu, hivyo vineno vya nyuma ni mapambo." "Four" ni nne. Nikatazama ukutani, kweli, marumaru nne za juu hazikufuata uzi vizuri. Kumbe ameziona! Nikachukua nyundo na tindo, nikazigonga taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka zikabanduka zote. Mbili zikapasuka. Saa kumi jioni wenzangu wanafungasha vifaa, mimi ndiyo kwanza nakoroga gundi upya. Msimamizi alikuwa amesema saa kumi tunatoka kazini. Hasara ilikuwa kama elfu ishirini na kitu, nikakatwa mimi.

Ule ushauri umenikera hadi leo, maana siri yote iko kwenye "off". Sisi tunasema bandika na bandua, ziba na zibua. Kale kasehemu ka mwisho ndiko kanakogeuza maana. Kwa Kiingereza, mara nyingi kazi hiyo inafanywa na kaneno kanakosimama peke yake. "Off" ni kitu kutoka pale kilipokuwa. Kazini unatoka: "knock off". Elfu tano inatoka kwenye bei: "knock five thousand off the price". Mtu akikufokea "knock it off!", anataka uache unachofanya, na hapo "it" inakaa katikati, usiipeleke mwisho. Ni maneno ya mtaani haya, kwenye barua ya kuomba kazi usiyaweke.

Baadaye nikaenda naye Kariakoo, upande wa Gerezani, kununua grinda. Akamuuliza muuzaji, "Can you knock something off?"

"Kaka, anataka kugonga nini huyu?"

"Anaomba umpunguzie."

Ikashuka kama elfu kumi hivi. Kabla hajalipa akaigeuza ile grinda, akaninong'oneza: "Is this a knock-off?" Hiyo sikuwahi kuisikia. Nikaangalia alipoweka kidole: nembo ya kampuni ilikuwa inabanduka pembeni. Anauliza kama ni feki. Nikamjibu "Yes", tukahamia duka lingine.